Jigi ya kabari ya kuunga paneli bapa

Meza ya mninga yenye upana wa sentimita 60 siku hizi ni nadra kupata sura yake kwenye ubao mmoja. Hapa Tabora mbao nyingi zinazofika karakana kutoka pande za Sikonge, Urambo na Kaliua ni nyembamba, na ukishaondoa ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo, ambayo wadudu watoboa mbao huipenda sana, unabaki na sentimita 9 au 12 za mbao nyekundu ya kutegemea. Basi paneli, yaani ule ubao mpana wa meza, lazima iungwe. Kuunga kwenyewe hakumshindi fundi yeyote. Kinachowashinda wengi ni kuifanya paneli itoke bapa, pembe zote nne zikae juu ya meza ya kazi bila moja kunyanyuka.

Paneli hupinda kwenye gundi kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni mahali msukumo unapopita. Ukibana kwa klampu za chuma zilizo upande wa chini tu, mara nyingi mdomo wa klampu unasukuma juu au chini ya katikati ya unene wa ubao. Kwa ubao wa milimita 22, tofauti ya milimita 3 tu inatosha kuinua katikati ya paneli. Ya pili ni msingi. Paneli yenye gundi mbichi huchukua umbo la kitu ilicholazwa juu yake, na gundi ikikauka umbo hilo linabaki. Sakafu ya saruji yenye bonde itakupa paneli yenye bonde. Mpira wa baiskeli na kamba vinabana, lakini haviwezi kuilaza mbao.

Jigi, yaani kifaa cha kuishikilia kazi mahali pake, tunayoieleza hapa inatatua yote mawili kwa mbao, kabari na vyuma vichache vya uzi, vile vinavyovishwa nati. Haihitaji umeme, haihitaji klampu hata moja ya dukani, na inabeba paneli ya hadi sentimita 55 kwa 120, unene kuanzia milimita 18 hadi 50.

Umbo lake ni hili. Kuna reli mbili zilizolala sambamba juu ya meza. Juu ya reli, kwa kukingama, kuna boriti nne za chini. Paneli inalala juu ya boriti hizo, na juu ya paneli zinakuja boriti nne za juu, kila moja ikitazamana na mwenzake wa chini. Kila jozi inafungwa kwa vyuma viwili vya uzi, kimoja kila mwisho. Katikati ya boriti ya juu na ya chini, kila chuma kinapita kwenye kizuizi cha mbao. Upande mmoja kizuizi hakihami. Upande wa pili kinahama kufuata upana wa kazi, na kati yake na paneli ndipo kabari zinapopigwa. Kwa kuwa kizuizi kimekaa katikati ya boriti mbili, chuma kinashikwa juu na chini na hakiwezi kulala. Hilo ndilo linaloufanya msukumo upite katikati ya unene wa ubao.

Boriti zote nane zina urefu wa sentimita 90. Nunua mbao ya inchi mbili kwa tatu, uirande hadi milimita 45 kwa 70, na iwe inasimama kwa ule upana wa 70. Mbao bora kwa kazi hii ni mninga, hata wa vipande vilivyobaki kwenye vitanda na milango, kwa sababu ukishakauka hauhangaiki sana na msimu. Mkurungu nao unafaa, ni mzito na mgumu. Paina ya Mafinga tusingeishauri kwa boriti: inanyong'onyea chini ya nati, washa (kile kisahani cha chini ya nati) inazama, na baada ya miezi michache hazilingani tena. Kwa kununua mbao mpya ya msituni, chukua yenye alama ya nyundo ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) na risiti yake. Na unaporanda au kupiga msasa mninga vaa barakoa, maana vumbi lake huwasha pua na huweza kuamsha pumu.

Boriti ya juu na ya chini za jozi moja zitoke kwenye ubao mmoja. Ikiwa moja ni laini kuliko nyingine, ile laini itapinda zaidi nati zikikazwa, na paneli itaifuata.

Sasa kazi ya randa. Uso wa ndani wa kila boriti, yaani ule unaogusa paneli, uwe na mbinuko mdogo: katikati pawe juu ya miisho kwa milimita 1. Chora alama ya katikati, kisha randa kuelekea kila mwisho ukiongeza mpito kadri unavyokaribia mwisho. Pima kwa kuzikutanisha boriti mbili uso kwa uso: katikati ziguse, na kila mwisho uone mwanya wa milimita 2. Bila mbinuko huo, ukikaza nati za miisho boriti itabana kingo za paneli na kuiacha katikati huru, na katikati ndiko mbao zinakoteleza. Ukizidisha ukafika milimita 3, utalazimika kukaza kwa nguvu nyingi mno hadi mbao zishindwe kusogea kabari zinapopigwa.

Matundu yawe ya milimita 14, kwa vyuma vya uzi wa milimita 12. Tundu la upande usiohama liwe sentimita 5 kutoka mwisho. Upande unaohama, toboa kuanzia sentimita 40 hadi 85, kila baada ya sentimita 5, lakini ruka lile la 70, maana hapo ndipo reli itakapopita na nati haitapata nafasi. Vipimo vyote vichukuliwe kutoka mwisho uleule. Tengeneza kwanza fimbo ya kipimo, kibao chembamba chenye matundu hayo, ndipo uhamishe alama kwenye boriti zote nane. Futikamba ikihamishwa mara nane haitoi jibu moja mara nane. Toboa nusu kutoka juu na nusu kutoka chini, keekee isije ikatokea pembeni.

Vyuma: nunua viwili vya mita 1, vyenye uzi mwanzo hadi mwisho. Kata kila kimoja vipande vinne, unapata vinane vya karibu sentimita 25. Piga tupa ncha kabla ya kuvisha nati, vinginevyo uzi utaharibika. Unahitaji nati 16 na washa pana 16. Spana namba 19 ndiyo inayoingia kwenye nati nyingi za uzi huu.

Reli mbili ziwe za mbili kwa nne, zikisimama, urefu wa sentimita 125. Kwenye kila reli kata vitanda vya boriti, yaani mapengo ya kuzilaza: upana milimita 46, kina milimita 20, katikati ya kila kitanda iwe kwenye sentimita 10, 45, 80 na 115. Bana reli zote mbili pamoja uzikate kwa wakati mmoja. Halafu zitenganishe, katikati ya moja iwe sentimita 20 kutoka mwisho usiohama wa boriti na ya pili iwe kwenye 70, uziunge chini kwa vibao viwili vya sentimita 55, kwa gundi na skrubu.

Kabla skrubu ya mwisho haijaingia, hakikisha reli hazijajisokota. Njia rahisi ni uzi wa fundi mwashi. Ziweke boriti mbili za miisho kwenye vitanda vyake, vuta uzi mmoja kutoka kona hadi kona, kisha mwingine kwenye kona zilizobaki. Katikati zinapokatana ziguse kidogo tu bila mmoja kuusukuma mwingine. Badilisha, wa juu uwe wa chini, urudie. Ukiona mwanya upande mmoja na msukumo upande wa pili, tia kipande chembamba chini ya reli au punguza kitanda kwa patasi. Rudia kipimo hiki kila mwanzo wa mvua na kila mwanzo wa kiangazi, na kila jigi inapohamishwa. Paneli iliyojisokota ndiyo kasoro mbaya kuliko zote, kwa sababu kuirekebisha kwa randa kunakula unene kwenye kona mbili zinazokabiliana, na paneli ya milimita 22 inaweza kumalizikia 17.

Vizuizi ni vinane, upana sentimita 6, urefu sentimita 10, tundu katikati, nyuzi za mbao zikielekea kwenye paneli. Unene wake, pamoja na wa kabari na wa vipande vya kujazia, uwe pungufu ya paneli kwa milimita 2. Paneli ya 22, basi vizuizi vya 20. Vikilingana na paneli au kuizidi, boriti zitabana vizuizi na paneli itabaki inaelea. Karakana inayotengeneza milango na meza inahitaji seti mbili tu, moja kwa paneli ya 22 na nyingine kwa ya 40.

Kabari zinakuja mbilimbili. Chukua kipande cha upana wa milimita 45 na urefu wa sentimita 20. Mwisho mmoja weka alama milimita 10 kutoka ukingoni, mwisho wa pili weka alama milimita 35 kutoka ukingo uleule, unganisha kwa mstari na upasue. Umepata kabari mbili zinazolingana kwa mteremko wa moja kwa nane. Mteremko huo hujishikilia wenyewe, kabari hairudi nyuma hata ukiiacha usiku kucha. Ukiufanya mkali, tuseme moja kwa nne, utaona kabari zikilegea zenyewe. Usipake nta wala sabuni kwenye mteremko wa kabari. Msuguano ndio unaozishika. Kila jozi ikisogezwa kwa sentimita 8 inakula nafasi ya milimita 10, kwa hiyo tengeneza vipande vya kujazia: kimoja cha milimita 10, viwili vya 20 na kimoja cha 50 kwa kila jozi ya boriti.

Kipande cha mwisho hudharauliwa sana, nacho ni ubao wa pembeni. Ni miwili, upana sentimita 5, urefu sawa na paneli, mmoja kila upande wa kazi. Watu huuona kama kinga ya ukingo tu. Kazi yake kubwa ni kutawanya msukumo. Nguvu ya kabari ikiingia kwenye mbao hutanuka kwa pembe ya nyuzi 45 hivi kila upande. Jozi zetu ziko umbali wa sentimita 35. Kutoka kwenye kabari, sentimita 5 za ubao wa pembeni na 10 za ubao wa kwanza zinafanya 15 kabla ya kiungo cha kwanza. Msukumo unakuwa umetanuka sentimita 30, na ukijumlisha upana wa kizuizi, sentimita 6, kiungo chote kimefikiwa. Ondoa ubao wa pembeni, na kiungo cha kwanza kitakuwa na sehemu zisizobanwa kati ya jozi moja na nyingine. Hapo ndipo gundi hufunguka wakati wa kiangazi.

Bandika utepe mpana wa kufungia maboksi kwenye uso wa ndani wa boriti zote, gundi isishike. Nta ya nyuki, ambayo Tabora haikosekani, nayo inazuia gundi vizuri, lakini ikihamia kwenye uso wa paneli vanishi itakataa kushika hapo. Nta iweke kwenye vyuma vya uzi, nati zikimbie.

Jigi hailazimishi mbao mbovu kuwa nzuri. Gundi nyeupe ya mbao inataka msukumo wa kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita ya mraba kwenye mbao laini, na 12 hadi 17 kwenye mbao ngumu. Piga hesabu: kiungo cha sentimita 120 kwa unene wa 2.2 kina sentimita za mraba 264. Kwa kilo 10 tu ni zaidi ya tani mbili na nusu, igawe kwa jozi nne za kabari. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo haitakiwi kupotea katika kufunga mianya. Kiungo kikavu lazima kifunge kwa kusukuma kwa mikono miwili, bila nyundo. Kisipofunga, rudi kwenye randa.

Randa kingo mbili zinazokutana kwa pamoja: zikunje mbao mbili kama kitabu, uso wa juu ukiwa nje kwa zote, zibane na urande kingo kwa mpito mmoja. Randa ikilala kidogo, kosa la upande mmoja linafutwa na la upande wa pili, na mbao zikifunguliwa zinakaa bapa. Kama umetumia mashine ya kuranda, pitisha randa ya mkono mara moja au mbili kuondoa mawimbi ya kisu. Halafu, katikati ya urefu, acha uwazi usiozidi nusu milimita. Miisho ya paneli hukauka na kusinyaa kabla ya katikati, na uwazi huo mdogo unaiweka miisho chini ya mkazo wa kubana tangu mwanzo.

Unga kwanza bila gundi, kila mara. Panga nati, vipande vya kujazia na kabari vikiwa mahali pake, kisha fungua ukiviacha kwa mpangilio. Mwezi wa tisa na wa kumi Tabora ni kavu na joto, gundi iliyopakwa hushika ngozi ndani ya dakika 5, na ngozi ikishashika kiungo hakifungi tena. Anza asubuhi mapema. Kwa paneli ya mbao sita, yaani viungo vitano, gramu 25 hadi 30 za gundi zinatosha. Paka kingo zote mbili, safu nyembamba isiyo na mahali pakavu.

Mbao zikishalala, weka boriti za juu na kaza nati kwa vidole tu. Ingiza kabari na uzipige kwa nyundo ya mbao kuanzia jozi za katikati. Ni vema watu wawili wapige kwa pamoja, kila mmoja upande wake, maana ukipiga kabari moja peke yake unausukuma ubao wa pembeni, nao unazivuta mbao kwa urefu hadi miisho ipishane. Kabari zikifika nusu ya mkazo, kaza nati kwa spana, kushoto robo mzunguko, kulia robo mzunguko, hadi mwanya kati ya boriti na paneli ufungike. Ndipo kabari zimaliziwe. Mpangilio huu una sababu: nati zikitangulia, msuguano wa boriti unazuia mbao kusogea na viungo vinabaki wazi, kabari zikitangulia hadi mwisho, mbao zinaruka juu.

Angalia gundi inayochuruzika. Vitone vidogo vyenye nafasi sawa kando ya kila kiungo ni dalili njema. Ikitiririka, umepaka nyingi. Mahali pakavu pasipo na kitone, gundi ilipungua au kiungo hakijafunga. Usiifute kwa kitambaa chenye maji: maji yanaisukuma gundi ndani ya vinyweleo vya mbao na baadaye vanishi inaonyesha madoa mepesi. Subiri nusu saa hadi iwe laini kama mpira, uikwangue kwa patasi kati ya boriti.

Saa moja inatosha kwa paina wakati wa kiangazi. Kwa mninga, na kwa mbao yoyote wakati wa masika, tunaacha hadi kesho yake. Kabari hutolewa kwa kugonga ncha nyembamba, kisha nati. Baada ya hapo paneli isimame kwa ukingo, hewa ipite pande zote mbili. Ukiilaza sakafuni au ukaiegesha juani uso mmoja ukatazama jua, uso mmoja unakauka kabla ya mwingine na paneli inakunjika ndani ya siku moja, na watu wanalaumu jigi. Usipige randa wala msasa kabla ya saa 24 kupita. Maji ya gundi yamevimbisha mbao kando ya kiungo. Ukisawazisha uvimbe huo mapema, utakapokauka utabaki na mfereji mwembamba kwenye kila kiungo, na vanishi itauonyesha.

Kama kazi inakwenda Kigoma, hesabu safari hiyo tangu mwanzo. Mbao iliyokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hutulia kwenye maji ya asilimia 8 au 9. Kwenye hewa ya asilimia 75 hufika 14 hivi. Paneli iliyoungwa Tabora mwishoni mwa kiangazi ikawekwa nyumba ya Ujiji, karibu na ziwa, itapanuka. Paina ya sentimita 60 inaweza kuongezeka milimita 6 au zaidi, mninga chini ya nusu ya hapo. Usiifunge kwenye fremu kwa gundi wala misumari. Skrubu za katikati zipite kwenye matundu ya kawaida, za pembeni zipite kwenye matundu yaliyorefushwa milimita 10 kuelekea upana wa paneli, zikiwa na washa. Na uso wa chini upakwe vanishi mikono (tabaka) sawa na uliyopakwa uso wa juu, kabla mzigo haujapanda lori.